Jinsi ya kusimama mbele ya wakulima na bidhaa yako wakainunua

Nina duka la pembejeo Kibaigwa, wilayani Kongwa, jirani na lile soko la mahindi ambalo malori yake mnayaona mkipita barabara kuu ya Dodoma na Morogoro. Mbegu hazinisumbui kuuza. Mawingu yakianza kujikusanya Novemba, watu wanakuja wenyewe. Mfuko wa kuhifadhia nafaka hauendi hivyo. Huo inabidi uuchukue, uende nao kijijini, usimame mbele ya watu waliochoka na kazi za mavuno, na ueleze kwa nini mtu atoe shilingi elfu tano kwa mfuko wakati gunia la kawaida analipata kwa bei ndogo sana, tena pengine analo la zamani nyumbani.

Vijana wanaoanza uwakala huniuliza nafanyaje. Haya ndiyo ninayoyafanya. Mimi nauza mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ile inayojulikana kama PICS, lakini anayeuza taa za sola, majiko banifu au pampu ya kumwagilia atakuta mengi ya kumfaa.

Ninalolisimamia ni moja. Mkulima hanunui kwa sababu umesema vizuri. Hununua akishapiga hesabu kwa mdomo wake mwenyewe na kuishika bidhaa kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya majirani zake. Kazi yako ni kuandaa mazingira ya mambo hayo mawili kutokea, kisha kukaa kimya yanapotokea. Wauzaji wengi wanashindwa hapo kwenye kukaa kimya.

Ijue bidhaa mpaka mwisho wake

Huwezi kusimama mbele ya wakulima ukiwa na maelezo ya kwenye karatasi tu. Swali la pili au la tatu litakuangusha.

Mimi naanza na adui. Dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, si mdudu wa asili hapa kwetu. Aliingia nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 kutoka Amerika ya Kati, akaonekana kwanza mkoani Tabora, kisha akasambaa na mahindi yaliyokuwa yakisafirishwa. Kabla yake tulikuwa na fukusi, na fukusi anaharibu, lakini dumuzi anageuza punje kuwa unga. Ukiweka sikio kwenye kihenge kilichoingiliwa unasikia wanavyotafuna. Wazee wanaokumbuka vihenge vya kabla ya dumuzi bado wapo, na kwenye mkutano hao ndio walimu wako. Waache waeleze wao.

Halafu mfuko wenyewe. Ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kwa ajili ya kunde za wakulima wa Kamerun, miaka ya 1980, na baadaye ukatumika kwa mahindi, maharage, mtama na nafaka nyingine. Una mifuko miwili ya nailoni nzito ndani na gunia la kusuka nje. Hauna dawa yoyote. Mdudu aliyefungiwa humo anavuta hewa iliyopo mpaka inapungua mno, anaacha kula, anaacha kuzaa, anakufa. Yaani mdudu anajimaliza mwenyewe, na ndiyo maana kufunga vizuri ndiyo kila kitu.

Kisha ujue mfuko usichoweza kufanya, na hili ulichukulie kwa uzito mkubwa kuliko yote. Mfuko haukaushi mahindi. Ukiweka mahindi mabichi humo, yatavunda, kwa sababu unyevu hauna pa kutokea. Wala hauondoi sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, iliyokwisha kuingia kwenye mahindi shambani au kwenye uanikaji. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu hapa mkoani Dodoma na jirani zetu Manyara. Muuzaji anayesema mfuko wake unatibu sumukuvu ili auze mifuko kumi zaidi anacheza na maisha ya watoto wa watu. Mimi nasema wazi kwenye kila mkutano: kausha kwanza, juu ya turubai, siyo juu ya ardhi, pembua yaliyooza na yaliyoota ukungu, ndipo uje kwenye mfuko. Watu wanaposikia muuzaji anataja mpaka wa bidhaa yake bila kuulizwa, wanakaa vizuri kusikiliza yaliyobaki.

Kabla ya siku ya mkutano

Usifike kijijini na gari lenye spika ukaanza kuita watu. Anza kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Waeleze unachouza na bei yake, waombe ruhusa na waulize siku inayofaa. Mtafute bwana shamba au bibi shamba wa kata. Ukimpita, atakaa nyuma mkutanoni amekunja mikono, na watu watakuwa wanamtazama yeye kuona anasemaje. Ukimshirikisha mapema atakusahihisha mambo ya eneo lake, na mengi anayajua kuliko wewe.

Kuhusu siku: si siku ya mnada, si siku ya ibada, si siku ya msiba. Mnadani watu ni wengi lakini kila mtu ana haraka yake, na mkutano wa kueleza kitu kipya unahitaji watu waliokaa. Saa kumi jioni ni nzuri, jua limepoa na wanawake hawajaanza kupika. Kuhusu msimu: mwishoni mwa Mei mpaka Julai, mahindi yanapoanikwa na watu wameshauza gunia moja mawili, hela ya kwanza iko mkononi. Ukienda Machi utawakuta watu wananunua chakula, na kumweleza mtu habari za kuhifadhi wakati kihenge chake kitupu ni kumkera.

Jambo linalonisaidia kuliko matangazo yoyote ni kufika siku moja au mbili kabla na kutembelea kaya chache. Naomba kuonyeshwa wanapohifadhi. Wengine wana kihenge, wengine wanapanga magunia chumba cha kulala, wengine darini juu ya moshi wa jiko. Nauliza wanatumia dawa gani ya unga, wanaichanganyaje, inawatosha miezi mingapi. Na naomba kikombe kimoja au viwili vya mahindi yaliyobunguliwa, yenye wadudu wazima. Hayo nitayahitaji.

Ziara hizo zina kazi nyingine. Kongwa ni mahali ambapo ahadi kubwa ziliwahi kuletwa kutoka mbali. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta na mpango wa kulima karanga eneo kubwa mno bila kujifunza mvua na udongo wa hapa, na mwaka 1951 mpango ukafutwa. Habari hizo wazee wa huku wamekua nazo. Mgeni anayeanza kwa kuuliza na kutazama anapokelewa tofauti na mgeni anayeanza kwa kutangaza.

Hakikisha pia kwamba wanaume na wanawake wote wawili wanajua wanaalikwa. Kwenye nyumba nyingi mama ndiye anayejua mahindi yamebaki kiasi gani na yanaliwaje na wadudu, na baba ndiye anayeamua yauzwe lini. Ukizungumza na mmoja tu, utaambiwa "ngoja nikaongee na mwenzangu", na hapo mauzo yameondoka.

Mzigo wa kubeba

Mifuko ya kutosha kuuza siku hiyo hiyo. Debe. Turubai dogo. Chupa mbili za kioo, zile za asali au za jamu, zenye mfuniko unaokaza, na kitambaa chepesi. Chumvi kavu na chupa nyingine ndogo kavu yenye kizibo. Mikanda ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli kwa ajili ya kufungia. Kalamu ya wino usiofutika. Daftari.

Sichukui mabango. Sichukui kompyuta. Picha ya mahindi mazuri ya mtu wa mkoa mwingine haimshawishi mkulima wa hapa, kwa sababu hajui yametoka wapi. Mahindi ya jirani yake anayajua.

Chupa mbili za kioo ziandae mapema, ukiwa kwenye zile ziara. Kila chupa jaza mahindi yaliyobunguliwa ya kijiji hicho, yenye wadudu wengi, mbele ya mwenye mahindi. Moja funga mfuniko ukaze kabisa. Nyingine funika kwa kitambaa tu ili hewa ipite. Ziache kwake, mahali pa kivuli. Kama wadudu ni wengi, siku chache zinatosha kuona tofauti, kwa hiyo ukiweza panga ziara wiki nzima kabla ya mkutano. Siku ya mkutano mwombe mwenye nyumba aje nazo yeye mwenyewe.

Siku yenyewe

Fika kabla ya watu. Salimu mmoja mmoja wanapoingia, wazee kwa shikamoo, na kama ni kwa Wagogo basi "mbukwenyi" yako iwe tayari. Kaa nao chini au kwenye benchi wanalokalia wao. Mwenyekiti afungue, akutambulishe, na wewe utaje jina, duka lako lilipo, na bei ya mfuko. Ndiyo, bei mwanzoni. Mafundisho mengi ya uuzaji yanasema uifiche bei mpaka mwisho. Kwa wakulima naona ni kinyume, maana mtu asiyejua bei anakusikiliza nusu, na nusu nyingine anajiuliza atakwama wapi. Itaje, kisha useme: "Msinijibu sasa kama ni ghali au rahisi. Tutaipima pamoja."

Baada ya hapo usieleze bidhaa. Uliza.

Mimi huuliza hivi: "Mama, mwaka jana ulihifadhi magunia mangapi?" Atasema, tuseme, sita. "Ilipofika Februari, kwenye kila gunia ulipeta ukatupa kiasi gani, au ukawapa kuku?" Hapo mkutano unaamka. Wengine wanacheka, mwingine anasema debe moja, mwingine anabisha kwamba ni zaidi. Usichague wewe. Waache wabishane mpaka wakubaliane namba, halafu iandike chini kwa kijiti au kwenye daftari kubwa ili wote waione.

Tuseme wamekubaliana debe moja kwa gunia la debe sita. Endelea kuuliza:

"Magunia sita, debe moja kila moja, ni debe ngapi?" Sita. "Debe sita ni nini?" Gunia zima. "Debe moja Februari hapa kijijini liliuzwa shilingi ngapi?" Wanasema bei yao, labda elfu kumi na tatu. "Kwa hiyo dumuzi alikula ya shilingi ngapi?" Watu wanahesabu kwa sauti, 78,000. "Na mifuko sita kwa elfu tano ni ngapi?" 30,000.

Hapo nyamaza. Kweli kabisa, nyamaza. Usiseme "kwa hiyo mmeona". Waliohesabu ni wao, na atakayesema neno linalofuata awe mmoja wao. Mara nyingi ni mama mmoja wa katikati anayesema, "Tena hapo hujaweka hela ya dawa." Neno lake lina uzito ambao langu haliwezi kuwa nao.

Angalia nilichotumia: magunia yao, hasara yao, bei yao. Ukija na hesabu yako iliyoandikwa dukani, hata ikiwa sahihi, watakubishia kila namba, na watakuwa na haki.

Usiingize hesabu ya faida ya kungoja bei ipande kana kwamba ni ya uhakika. Ni kweli kwamba miaka mingi mahindi ya Julai ni ya bei ya chini na ya Februari ni ya juu, na mfuko unampa mtu uwezo wa kungoja. Lakini bei inategemea mvua, mavuno ya mikoa mingine, na mipaka. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi, bei ikaanguka, na waliokuwa wamehifadhi wakingoja wanakumbuka. Mimi nasema: mfuko unalinda uzito wa mahindi yako, bei hiyo ni ya soko. Hasara ya wadudu peke yake inatosha kulipa mfuko. Ukiongeza ahadi ya bei, mwaka itakapokwenda vibaya utakuwa umeuza mara ya mwisho kijiji kile.

Waone, kisha washike

Sasa ndipo mwenye nyumba anapozileta chupa. Zipitishe mkono kwa mkono. Ile ya kitambaa ina vumbi chini na wadudu wanatembea. Ile iliyokazwa wadudu wamelala. Usiharakishe hapa. Mtu ataitikisa, ataigonga, mwingine atasema wamesinzia tu. Sawa, wamwage kwenye kiganja waangalie. Kama bado wapo wanaosogea, sema ukweli kwamba muda haujatosha au mfuniko haukukaza, kisha irudishe chupa kwa mwenye nyumba aendelee kuitazama. Nimeona watu wakinunua siku tatu baada ya mkutano kwa sababu ya chupa iliyobaki kwa jirani.

Kisha jaribio la chumvi, ambalo ni bure na litawafaa hata wasiponunua kitu. Chukua chupa ndogo kavu, weka mahindi mpaka karibu theluthi, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, ziba, tikisa kwa dakika moja au mbili, acha itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Chumvi ikibaki imetulia chini na kuta ni safi, yamekauka kiasi cha kuhifadhi. Fanya kwa mahindi ya watu wawili au watatu waliokuja nayo. Hakuna sehemu ya mkutano inayopendwa kama hii, na mimi naipenda pia, kwa sababu hapo mtu ameondoka na kitu hata kama mfukoni hana senti.

Halafu kufunga. Usifunge wewe. Ita mtu mmoja, ikiwezekana mama anayesimamia chakula nyumbani kwake, na kijana mmoja wa kumsaidia. Wewe elekeza kwa maneno tu.

Kwanza wakague mifuko ya ndani kama ina tundu: ujaze hewa, usokote mdomo, uminye, usikilize kama unapumua. Kisha mfuko wa kwanza wa nailoni uingie ndani ya wa pili, na yote miwili ndani ya gunia la kusuka, midomo ikunjwe kwa nje. Mahindi yamiminwe kwa debe, na kila debe mfuko utikiswe ushuke ili hewa isibaki katikati. Mahindi yakijaa, ibaki shingo ya kama sentimita thelathini. Hapa kuna tatizo la mazoea ya soko letu. Watu wamezoea kujaza lumbesa, gunia lishonewe na kilemba juu. Kwenye mfuko huu lumbesa haiwezekani, maana bila shingo hakuna kufunga, na bila kufunga umenunua gunia la kawaida kwa bei ya juu. Sema hivyo kwa sauti, na uoneshe shingo kwa mkono.

Shingo ya mfuko wa ndani kabisa isokotwe kwa nguvu kusukuma hewa itoke, ikunjwe kurudi chini, ifungwe kwa mpira. Kisha wa pili hivyo hivyo. Kisha gunia la nje. Kila mmoja unafungwa peke yake. Anayefunga akikosea, usimnyang'anye. Waliokaa watamwelekeza, na kila anayemwelekeza mwenzake naye ameshajifunza.

Maswali

Wakati wa maswali uwe mrefu kuliko wakati wako wa kusema. Jibu kwa ufupi. Haya ndiyo ninayoulizwa kila mahali.

*Mna uhakika hamjaweka dawa kwenye nailoni?* Hakuna dawa. Nailoni ni ya kiwango cha kuhifadhia chakula, na mdudu anakufa kwa kukosa hewa.

*Mahindi ya humo yakipandwa yataota?* Yakiwekwa makavu, ndiyo.

*Panya je?* Panya anatoboa. Mfuko ukae juu ya kichaga au matofali, mbali kidogo na ukuta, chumba kiwe safi. Usimwambie mtu kwamba panya hawezi. Na dumuzi mwenyewe naye anaweza kuchoma tundu dogo kwenye nailoni, kwa hiyo kukagua kabla ya kutumia tena ni lazima.

*Unatumika mara ngapi?* Nailoni isipotoboka, misimu miwili hata mitatu. Tundu dogo likionekana mapema linazibwa kwa solotepu. Iliyochanika ibaki kuwa gunia la kawaida.

*Naweza kufungua nichote mahindi ya unga wa wiki?* Usiufungue wiki za mwanzo, acha wadudu wafe kwanza. Baada ya hapo fungua, chota haraka, funga upya kama mwanzo. Mwenye magunia kadhaa afungue moja la kula, mengine yakae.

*Mimi nina debe mbili tu.* Huyu mwambie atumie dumu au ndoo yenye mfuniko unaokaza, kavu na safi, ijae mpaka juu. Inafanya kazi ile ile. Wauzaji vijana huniambia kwamba hapo nimepoteza mteja. Mtu huyo atarudi siku akivuna magunia, na kabla ya hapo atakuwa amewaambia watu kumi kwamba yule mama wa Kibaigwa hadanganyi.

Akitokea mtu anayepinga kwa nguvu, kwa mfano kwamba alinunua mfuko wa namna hii mahali fulani na mahindi yakaoza, usimzime. Muulize aliyaanika siku ngapi, aliufungaje, aliuweka wapi. Mwache aeleze mpaka mwisho. Mara nyingi waliokaa ndio watakaolitaja tatizo, na lile jaribio la chumvi walilotoka kuliona ndilo litakalojibu. Na kama huoni sababu, sema huioni, umwombe akuonyeshe mfuko wenyewe.

Kuuza

Maliza kwa kusema nani ananunua leo, basi. Usiseme bei itapanda kesho kama haitapanda. Uza mifuko uliyokuja nayo tu. Usichukue pesa ya oda ya kitu ambacho hakipo kwenye gari, hata mtu akikulazimisha, kwa sababu mafuta yakikosekana au mzigo ukichelewa wiki moja, kijijini unaitwa tapeli, na jina hilo halifutiki. Andika majina ya wanaohitaji zaidi, weka siku ya kurudi, urudi siku hiyo.

Vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, ndio wateja wazuri kuliko wote. Wana mfuko wa fedha, wana siku ya kukutana, na mwenye kuhitaji anakopa humo analipa akiuza. Kwa kikundi kinachochukua mingi napunguza bei kidogo, na punguzo nalitangaza hadharani ili asiwepo wa kusema wengine wamependelewa.

Mfuko unaobaki kijijini

Ule mfuko uliofungwa mkutanoni ndio utakaokuuzia kuliko yote niliyoyataja. Kabla ya kutawanyika, mkutano uchague nyumba ya kuuweka. Wachague wao, wewe usiseme jina. Mahindi ni ya mwenye nyumba, mfuko ni zawadi yako. Pembeni yake wekeni gunia la kawaida lililojazwa kutoka kwenye lundo hilo hilo la mahindi, bila dawa. Juu ya kila moja andikeni tarehe kwa kalamu isiyofutika, mwenyekiti asaini na bibi shamba asaini, ili asitokee wa kusema mahindi yamebadilishwa usiku.

Miezi minne au mitano baadaye, katikati ya Novemba kabla ya mvua za kupandia, rudi. Itisha watu wale wale. Mwenye nyumba afungue gunia la kawaida kwanza, alimwage juu ya turubai, kisha afungue mfuko, aumwage pembeni yake. Usihutubie. Weka debe hapo wapime kila upande, wapepete, wahesabu pungufu, na ile hesabu ya Juni uliyoiandika kwenye daftari uisome tena waone kama walikisia sawa. Kama mfuko ulifungwa vibaya na mahindi yameharibika, yatamwagwa hivyo hivyo mbele yao, na mtatafuta sababu pamoja. Mimi siruhusu mfuko ufunguliwe kwa siri kabla ili kuhakikisha mambo mazuri. Watu wa kijiji wana macho.

Siku hiyo nakuja na mifuko michache tu, maana wengi wamekwisha kuuza na kula. Ninachobeba ni daftari. Naandika majina na idadi kwa ajili ya mavuno yajayo, kitongoji kwa kitongoji, na jina la mtu mmoja katika kila kitongoji atakayepokea mzigo na kuwafundisha wenzake kufunga. Huyo mara nyingi ni yule mama aliyefunga mfuko wa kwanza. Namlipa kamisheni kwa kila mfuko unaouzwa kupitia kwake, na kamisheni hiyo nailipa siku ile ile mzigo unapoisha, taslimu au kwa simu, anavyotaka yeye. Mwezi Aprili nampigia kuuliza mahindi yanaendeleaje shambani, ndipo najua niagize mifuko mingapi.